Sura ya Tano: Ufunguo wa Sanduku la Barua

Kwenye mlango wa nyumba ya Torvald Helmer kuna sanduku la barua. Lina kioo, kwa hiyo aliye ndani ya nyumba anaweza kuona kama barua imeingia. Lina kufuli pia, na ufunguo hukaa kwa Torvald. Mkewe, Nora, ana miaka minane ndani ya ndoa hiyo na amezaa watoto watatu, lakini barua iliyomo humo hawezi kuitoa. Siku inapoingia barua ya kumfichulia mume siri yake, Nora anaiona kwa macho yake kupitia kioo, anamwonyesha rafiki yake kwa kidole, na hana la kufanya. Anacheza ngoma ya kasi ya Kiitaliano ili mume amtazame yeye, asikumbuke kufungua sanduku. Baadaye Torvald atakuta kipande cha kibanio cha nywele kimevunjikia ndani ya kufuli, na Nora atawasingizia watoto.

Hadhira iliyaona hayo kwa mara ya kwanza tarehe 21 Desemba 1879, katika Jumba la Kifalme la Maonyesho mjini Copenhagen. Tamthilia iliitwa Et dukkehjem, nyumba ya mwanasesere, na mtunzi wake alikuwa Henrik Ibsen wa Norwei, aliyekuwa akiishi Italia na kuimalizia kazi hiyo Amalfi. Kitabu chake kilikuwa kimetoka wiki chache kabla. Nakala 8,000 za chapa ya kwanza ziliisha ndani ya mwezi mmoja.

Kufikia wakati huo falsafa ya Ulaya ilikuwa imekwisha kuutangaza uhuru wa mtu binafsi kwa sauti kubwa. Mwaka 1859 Mwingereza John Stuart Mill alichapisha On Liberty, kitabu chembamba kinachotetea jambo moja: jamii haina haki ya kumlazimisha mtu mzima isipokuwa kwa ajili ya kuwakinga wengine na madhara. Kumwambia mtu kwamba jambo fulani ni kwa faida yake mwenyewe hakutoshi. Apewe ushauri, abishwe, asihiwe, lakini asilazimishwe. Ni hoja safi, na bado ina nguvu kila mahali ambapo serikali, mzazi au mtaa unataka kumchagulia mtu imani yake na mwenzi wake wa maisha.

Falsafa, hata hivyo, inaweza kumzungumzia mtu kurasa 200 bila kutaja jina lake, jinsia yake wala deni analodaiwa. Jukwaa halina nafasi hiyo. Mtu wa jukwaani lazima aingie kwa mlango fulani, avae nguo fulani, na akute watu wengine wamekwisha kukaa. Ndiyo maana kila mara falsafa ya kisasa ilipotamka kwamba mtu ni huru, tamthilia ilimleta mtu mmoja, ikamsimamisha mbele ya taa, na kuuliza: huyu naye? Mengi tunayoyajua leo kuhusu uhuru wa mtu binafsi yalijulikana kwa njia hiyo.

Mill mwenyewe, kwa heshima yake, aliliona tatizo la wanawake mapema kuliko wenzake. Mwaka 1851, alipokuwa anajiandaa kumuoa Harriet Taylor, aliandika tamko rasmi la kukataa mamlaka yote ambayo sheria ya ndoa ingempa juu ya mwili, mali na uhuru wa mke wake. Tamko hilo halikuwa na nguvu yoyote mahakamani. Aliliandika hata hivyo, kwa sababu aliona aibu kupokea mamlaka ambayo hakuyaomba. Mwaka 1869 akatoa kitabu cha kupinga utiisho wa wanawake, na mwaka huohuo mhakiki Georg Brandes, aliyefahamiana na Ibsen, akakitafsiri kwa Kidenishi. Hoja ikawa imefika Skandinavia. Kilichobaki ni kumpata mtu wa kuibeba.

Mtu huyo alikuwapo kweli. Laura Kieler, mwandishi kijana ambaye Ibsen alimpenda na kumwita ndege wake mwimbaji, alikuwa na mume mwenye kifua kikuu. Madaktari walitaka mgonjwa apelekwe nchi yenye joto, na fedha hazikuwapo. Laura alikopa kwa siri, mume akapona, deni likaiva. Alimpelekea Ibsen mswada akitumaini amsaidie kuuchapisha apate cha kulipia. Ibsen aliuona dhaifu na akakataa. Laura akaghushi hati. Mambo yalipofichuka, mume aliyeokolewa kwa fedha hizo alidai watengane, watoto wakaondolewa kwake, naye akawekwa kwa muda katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Baadaye alirudi nyumbani kwa mume huyohuyo, kwa ajili ya watoto.

Ibsen alichukua kisa hicho na kukipeleka kwingine. Nora wake amekopa kroner 4,800. Sheria ya wakati ule haikumruhusu mke kukopa bila ridhaa ya mume, kwa hiyo alihitaji mdhamini, na mdhamini aliyefaa alikuwa baba yake, aliyekuwa mahututi kitandani. Nora alitia saini ya baba mwenyewe. Tarehe iliyo kwenye hati ni 2 Oktoba. Mzee alifariki 29 Septemba. Siku tatu hizo ndizo zinazomweka mikononi mwa Krogstad, mkopeshaji, ambaye anamweleza kwa utulivu kwamba sheria haijali nia. Nora anashangaa kwa dhati. Inawezekanaje binti asiruhusiwe kumwepushia wasiwasi baba anayekufa, na mke asiruhusiwe kuokoa maisha ya mumewe?

Kwa miaka kadhaa amelipa deni hilo kidogo kidogo, akipunguza kwenye fedha za nguo, na majira fulani ya baridi alipata kazi ya kunakili maandishi, akajifungia chumbani kila usiku hadi saa nyingi. Anapomsimulia rafiki yake, hasemi kwamba aliteseka. Anasema alichoka sana, lakini ilikuwa raha kukaa pale akifanya kazi na kuingiza fedha. Alijiona karibu kama mwanamume. Huyu ni mwanamke ambaye mumewe anamkataza hata biskuti za lozi, asije akaharibu meno, na anazila kwa kujificha. Uhuru wake wote umo ndani ya jinai yake. Hakuna ukurasa wa Mill unaomweleza mtu wa namna hiyo, ambaye tendo lake la kwanza la kujitawala ni kughushi saini.

Barua inaposomwa hatimaye, Torvald anamshukia kama mhalifu na kumwambia hatawalea watoto tena. Dakika chache baadaye hati inarudishwa, hatari inapita, naye anafurahi kwamba yeye ameokoka, kisha anamsamehe mkewe. Nora anaingia chumbani, anavua mavazi ya sherehe, anarudi na nguo za kawaida na kumwomba mume wakae mezani. Wakati huo ndipo tamthilia inapofanya jambo ambalo jukwaa la Ulaya halikuzoea: mume na mke wanakaa na kuzungumza. Hakuna bastola, hakuna sumu, hakuna mgeni wa ghafla. Nora anahitimisha kwamba ana wajibu kwa nafsi yake ulio sawa na wajibu wake wa mke na mama, anarudisha pete, anakataa kupokea msaada wala barua, anatoka. Mlango wa chini unasikika ukibamizwa.

Ujerumani walishindwa kuumeza mwisho huo. Mwigizaji mashuhuri Hedwig Niemann-Raabe alikataa kuucheza, akisema yeye kamwe asingewaacha watoto wake. Kwa kuwa tamthilia haikuwa na ulinzi wa hakimiliki huko, Ibsen alijua kwamba asipoubadilisha yeye, mwingine angeubadilisha vibaya zaidi. Akaandika mwisho mwingine: Torvald anamvuta mkewe hadi mlangoni kwa watoto waliolala, Nora anaishiwa nguvu na kuanguka chini. Ulichezwa mapema mwaka 1880. Ibsen aliulaani hadharani katika gazeti la Denmark, na haukudumu.

Inafaa kumtetea kidogo Niemann-Raabe, ambaye hukumbukwa kama mwoga. Aliuliza swali ambalo kila mtazamaji alilibeba hadi nyumbani. Na Ibsen mwenyewe alikuwa ameliweka swali hilo jukwaani kwa mlango wa nyuma, kupitia Kristine Linde, yule rafiki mjane. Kristine hana mume, hana mtoto, hana deni. Amefanya kazi kwa miaka, amemtunza mama yake na wadogo zake, na sasa hana mtu wa kumwamuru. Hali hiyo anaiona kuwa utupu. Nora anakimbilia mahali ambapo Kristine ametoka akiwa amechoka, na wanawake hao wawili wanapishana katika sebule ileile usiku uleule. Watazamaji wengi, kwa kuukodolea macho mlango, hawamwoni Kristine.

Aliyemwona vizuri kuliko wote alikuwa mbali sana na Norwei. China, baada ya vuguvugu la vijana la mwaka 1919, Nora alikuwa jina la kila mdomo. Wasichana waliosoma walikataa kuchaguliwa waume, wengine wakatoroka makwao, na jarida la Vijana Wapya lilikuwa limempa Ibsen toleo zima mwaka 1918. Tarehe 26 Desemba 1923 mwandishi Lu Xun alialikwa kuzungumza kwenye chuo cha ualimu cha wanawake mjini Beijing. Wasichana waliokaa mbele yake walimpenda Nora. Aliwauliza: baada ya kutoka, ikawaje?

Jibu lake halikuwa la kumpendeza msikilizaji wa miaka 20. Zaidi ya moyo ulioamka, alisema, Nora amebeba nini? Kama mkoba wake ni mtupu, kuna njia mbili tu: kuishia kuuza mwili au kurudi nyumbani. Ya tatu ni kufa njaa. Kwa hiyo wasichana wadai mgawo sawa wa mali nyumbani na nguvu sawa katika jamii, hata kama madai ya fedha yanasikika duni kuliko madai makubwa ya utu. Lu Xun alijua kwamba vita vya kupata haki ya mali ni vya kuchosha na havina sifa, na akawaambia hivyo. Miaka miwili baadaye aliandika hadithi ya msichana Zijun, anayeondoka kwao kwa ujasiri kwenda kuishi na kijana anayempenda. Kijana anapoteza kazi, makaa na chakula vinapungua, mapenzi yanakufa kwa baridi, na Zijun anachukuliwa na baba yake kurudi nyumbani kufa.

Norwei nako walifikia hitimisho hilo kwa njia ya bunge. Mwaka 1884 Ibsen na waandishi wenzake watatu, akiwamo Bjørnstjerne Bjørnson, walitia saini ombi la kutaka wanawake walioolewa wawe na mali yao wenyewe. Sheria ilipita 1888. Katika hotuba ya mwaka 1898 Ibsen alikanusha kwamba aliandika kwa ajili ya harakati za wanawake. Alisema alikuwa akimwandika binadamu. Wapo wanaomlaumu kwa kauli hiyo. Lakini saini yake ya 1884 ipo, na saini hiyo ilikuwa na kazi ambayo mlango uliobamizwa usingeweza kuifanya peke yake.

Miaka 65 baada ya Nora, Paris ikiwa chini ya jeshi la Ujerumani, jukwaa jingine lilikuwa na mlango pia. Jean-Paul Sartre alikuwa amekaa miezi kadhaa kama mateka wa vita katika kambi ya Trier, akaachiwa mwaka 1941, na mwaka 1943 akachapisha kitabu chake kikubwa cha falsafa, chenye kurasa zaidi ya 700. Hoja yake kuu ilikwenda mbali kuliko ya Mill. Kwa Sartre uhuru haupewi na sheria wala hauondolewi na sheria. Ndivyo mtu alivyoumbika. Hata mfungwa anachagua maana ya kifungo chake. Anayesema hakuwa na la kufanya anajidanganya. Hii ndiyo falsafa ambayo wahakiki wa Kiswahili huiita udhanaishi, na ambayo Euphrase Kezilahabi aliitia katika riwaya ya Kichwamaji ya mwaka 1974.

Ni fundisho gumu kulisikia wakati askari wa kigeni wako mtaani, na hapo ndipo lilipopata ukali wake. Serikali ya Vichy, iliyoshirikiana na Wajerumani, ilikuwa ikiwahubiria Wafaransa kwamba kushindwa kwao vitani ni adhabu ya dhambi zao, wanyenyekee na kutubu. Juni 1943 Sartre alionyesha Les Mouches, kisa cha kale cha Kigiriki kuhusu Orestes anayerudi katika mji uliojaa nzi na majuto, anaua wanyang'anyi wa kiti cha baba yake, na kukataa kujuta. Wakaguzi wa Kijerumani waliona Wagiriki wa kale na kupitisha. Wako waliokaa kitini wakaona Vichy.

Tarehe 27 Mei 1944, siku kumi kabla ya majeshi ya washirika kushuka Normandy, ukumbi wa Vieux-Colombier ulionyesha tamthilia yake fupi, Huis clos. Chanzo chake kilikuwa cha kawaida kabisa: Sartre alitaka kuwaandikia marafiki watatu nafasi zilizo sawa, asitokee mmoja wa kukaa jukwaani kuliko mwingine. Akawafungia wote chumba kimoja wasitoke. Kisha akaamua chumba hicho kiwe jehanamu.

Jehanamu yenyewe ni sebule yenye samani za kizamani. Ina makochi matatu, sanamu ya shaba juu ya meko, na kisu cha kukatia kurasa ingawa hakuna kitabu. Haina dirisha wala kioo cha kujitazamia. Taa haizimwi, na wafu hawapepesi macho. Garcin ni mwandishi wa habari aliyehubiri amani, vita vilipoanza akakimbia, akakamatwa na kupigwa risasi. Inès alikuwa mfanyakazi wa posta. Estelle ni bibi wa watu wakubwa aliyemuua mtoto wake mchanga. Kwa kuwa hakuna kioo, Estelle anamuuliza Inès kama rangi ya midomo imekaa sawa, na Inès anagundua kwamba anaweza kumwambia lolote, hata kwamba ana doa shavuni, na Estelle hana njia ya kuhakikisha. Hapo ndipo mateso yanapoanza, bila moto wala mikuki.

Garcin anataka jambo moja: aambiwe kwamba hakuwa mwoga. Estelle yuko tayari kumwambia, lakini neno la Estelle ni rahisi mno. Inès ndiye anayeujua woga, na Inès hakubali. Garcin anaupiga mlango kwa ngumi akitaka atolewe, hata kwenye mateso ya moto, na ghafla mlango unafunguka. Ukumbi mzima wa watazamaji unauona ukiwa wazi. Hatoki. Akitoka, Inès atabaki na hukumu yake, nayo haitabadilika milele. Anarudi ndani kumshawishi.

Ni tukio la dakika chache, na ndani yake Sartre mwandishi wa tamthilia anamsahihisha Sartre mwanafalsafa. Kitabuni mtu anachagua peke yake. Jukwaani uhuru wa Garcin unahitaji kutiwa saini na mtu mwingine, naye mtu huyo ni huru kukataa. Usemi maarufu wa tamthilia hiyo, unaowafananisha watu wengine na jehanamu, ulisambaa kuliko maelezo ya mtunzi aliyoyatoa mwaka 1965: kwamba hakukusudia kusema uhusiano wote kati ya watu ni sumu, bali kwamba uhusiano ukiharibika mwingine huwa jehanamu, na kwamba wanaobaki ndani ya mduara huo wamebaki kwa hiari. Kauli hiyo ya mwisho ni kali kwa Garcin. Pengine ni kali mno kwa watu walio hai.

Ukali huo ulionekana pia tarehe 29 Oktoba 1945, Sartre alipotoa mhadhara Paris mbele ya watu waliosukumana hadi viti vikavunjika. Alisimulia habari ya mwanafunzi wake aliyemjia wakati wa vita. Kaka yake aliuawa mwaka 1940. Baba alielekea kushirikiana na adui na hakuelewana na mama. Mama alibaki na kijana huyo tu. Avuke kwenda Uingereza kujiunga na Wafaransa wapiganaji, au abaki na mama yake? Sartre alimjibu kwamba yuko huru, na kwa hiyo achague. Kama fundisho la falsafa jibu hilo ni kamili. Kama jibu la mwalimu kwa kijana mwenye msiba, linaacha upungufu.

Kuna mtu wa tatu, na kwa msomaji wa Kiswahili huyu ndiye wa karibu zaidi. Ili kumfikia lazima kurudi kwa Mill, kwenye aya ambayo wanaomsifu huiruka. Mill aliandika kwamba kanuni yake ya uhuru haiwahusu watoto, wala jamii alizoziona bado ziko nyuma. Kwa hao, utawala wa kimabavu ulikuwa halali ukilenga kuwaendeleza. Hakuandika hayo kwa kuteleza. Alikuwa amefanya kazi miaka 35 katika ofisi za London za Kampuni ya India Mashariki. Mtu binafsi wa vitabu vyake alikuwa na bara lake.

Ebrahim Hussein alichapisha Kinjeketile mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, Tanzania ikizungumzia uhuru wa taifa na wa jamii kila siku. Mtu binafsi hakuwa na nafasi kubwa katika mazungumzo hayo. Hussein akamweka katikati. Kinjeketile wake, ambaye mtunzi alieleza kuwa ni kiumbe cha sanaa na si nakala ya mtu wa historia, anaingia mtoni Rufiji na kutoka na maji ya kuwaunganisha watu wanaolimishwa pamba na Wajerumani kwa viboko. Kisha anasikia mashaka ndani ya ujumbe wake mwenyewe: katika maono hayo watu wangekuwa wana wa Seyyid Said, sultani wa Zanzibar, yaani kutoka kwa bwana mmoja kwenda kwa mwingine. Anataka kusubiri. Watu hawasubiri. Neno alilolizaa limekua kuliko yeye.

Mwishoni yuko gerezani pamoja na mwenzake Kitunda, wote wameumizwa. Mjerumani anataka kitu kidogo tu: Kinjeketile aseme kwamba maji yale yalikuwa uongo. Na Kinjeketile, kwa ndani, hana hakika kwamba yalikuwa kweli. Kwa kipimo cha Mill, mtu huru ni yule anayesema anachokiamini. Kwa kipimo hicho angesema. Anakataa. Akikana, wataambiwa watoto na wajukuu kwamba kupigana kwenyewe kulikuwa kosa, na neno lile litakufa kabla ya wakati wake.

Tamthilia hiyo imesomwa shuleni kwa miaka mingi, na ubishi wa darasani ni kama Kinjeketile alidanganya. Swali ni zito, kwa sababu waliokufa wakiamini maji walikuwa watu, na mtunzi hawafichi. Lakini mtazame Mjerumani katika onyesho hilo. Ana gereza, ana bunduki, ana kamba, na bado anabembeleza apewe neno, kwa kuwa hilo ndilo pekee asiloweza kulichukua mwenyewe. Nora hakuwa na cha kuuza. Garcin alikuwa akiomba kwa Inès. Kinjeketile ndiye anayeombwa, na anachokataa kutoa si chake peke yake.

Kinjeketile Ngwale wa historia alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vya Maji Maji vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Vilienea kusini yote na kuendelea hadi 1907, na Wajerumani walivimaliza kwa kuchoma mashamba na maghala, hata njaa ikaua watu wengi kuliko risasi.